Helmholtz: Alikosa karo ya fizikia, akafungua dirisha la jicho

Hebu fikiria umemaliza shule, akili yako yote iko kwenye fizikia, halafu mzazi anakwambia pesa hamna. Ndivyo ilivyokuwa kwa Hermann von Helmholtz, aliyezaliwa Potsdam, Ujerumani, mwaka 1821.

Babake alikuwa mwalimu na mshahara haukutosha. Serikali ililipia masomo ya udaktari, ila kwa sharti: ukihitimu, unatumikia jeshi. Kijana akakubali. Mwaka 1838 akaingia chuo cha madaktari wa jeshi mjini Berlin, lakini fizikia hakuitupa.

Kufikia 1850 alikuwa profesa Königsberg, umri miaka 29. Akiandaa somo la wanafunzi, akajiuliza: mbona mboni ya jicho huonekana nyeusi? Kumbe mwanga unaoingia jichoni hurudi ulikotoka. Ukitaka kuuona lazima ukae njiani mwake, na hapo kichwa chako kinaziba taa!

Basi akachukua vioo vyembamba, kadibodi na gundi. Vioo akaviinamisha viakisi mwanga wa taa hadi ndani ya jicho, naye akachungulia kupitia vioo hivyohivyo. Akaona mishipa ya damu na ncha ya neva ya jicho, ndani ya mtu aliye hai. Mwaka 1851 akachapisha kitabu kuhusu kifaa hicho.

Kwa nini ujali? Neva hiyo imezungukwa na utando uleule unaofunika ubongo. Shinikizo likipanda kichwani, ncha ya neva huvimba. Mwaka 1860, Albrecht von Graefe wa Berlin alieleza uvimbe huo kwa wagonjwa wa ubongo. Hadi leo, daktari akishuku ugonjwa adimu wa kuvimba kwa utando wa ubongo au neva za macho, huchungulia jicho. Wakati mwingine uvimbe hujificha nyuma, usionekane. Ndiyo maana kuna pia picha za MRI na kupima maji ya uti wa mgongo.

Na fizikia je? Mwaka 1871 Helmholtz aliteuliwa profesa wa somo hilo Berlin. Alifariki 1894.

Kwa hivyo jicho likififia ghafla, likiuma ukilizungusha, au kichwa kikigoma kupoa, usisingizie simu tu. Nenda ukachunguzwe mapema, kwa sababu neva ya jicho ikishakufa haioti tena.