Ernst Kotz na Agano Jipya la Wapare

Mwaka 1903 wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walianza kazi katika milima ya Upare. Miongoni mwa waliowafuata alikuwa Ernst Kotz. Siku zile Mpare aliyeongoka hakuwa na Agano Jipya katika lugha ya mama yake. Alilolisikia siku ya ibada alilichukua moyoni tu, na juma ni refu.

Kotz akajifunza Chasu kwa wenyeji, hata sarufi yake ikapigwa chapa Berlin mwaka 1909. Kisha akalifasiri Agano Jipya. Vita vya 1914 hata 1918 vikawatenga Wapare na wamisionari wale, na kitabu kilipotoka mwaka 1922, Wajerumani walikuwa bado hawajaruhusiwa kurudi. Basi Mpare akasoma mwenyewe.

Kotz amekwisha kupumzika zamani. Nanyi mliobatizwa juzi, msingoje mwalimu awasomee. Kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, someni mistari michache na kuifahamu. Chakula cha jana hakimshibishi mtu leo.