Kapteni Owen, jamaa aliyepima bahari yetu kwa kamba

Ukisimama Mkomani pale English Point, Fort Jesus iko ng'ambo tu. Mkondo huo wa katikati aliujua vizuri Kapteni William Fitzwilliam Owen.

Alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1774. Babake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na akiwa na miaka 13 tu akaingia jeshi la majini. 1822 akatumwa kupima pwani ya Afrika akiwa na meli mbili, Leven na Barracouta.

Kazi yenyewe ilikuwa kutia bildi. Unashusha risasi nzito kwa kamba, unahesabu kina. Chini ya risasi kuna shimo limepakwa mafuta ya mnyama, kwa hivyo inapanda na tope, mchanga au chembe za matumbawe. Nahodha anajua nanga itashika wapi. Malaria nayo ikawamaliza mabaharia wake wengi.

Februari 1824 akafika Mombasa. Wamazrui walikuwa wanamhofia Sayyid Said wa Oman, wakaomba ulinzi. Owen aliuchukia sana utumwa, akakubali kwa sharti biashara hiyo ikome. Shida ni moja: serikali yake haikuwa imemtuma kufanya hivyo. Alimwacha Luteni Reitz asimamie mji, na kabla ya miezi minne kuisha Reitz akafa kwa homa. Port Reitz, kule Changamwe, ni jina lake. 1826 Waingereza wakaondoka, Wamazrui wakabaki peke yao. 1837 Sayyid Said akauchukua mji. Owen alikuwa na nia safi, lakini waliolipa ni wengine.

Alifariki Kanada mwaka 1857. Ramani zake ziliendelea kuongoza meli kwa miaka mingi.

Lakini bildi ilionja tabaka la juu pekee. Siku hizi wapimaji hutuma sauti kutoka kwenye chombo. Majini sauti hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde. Ile kali hugonga sakafu ya bahari na kurudi. Ile nzito hupenya tope, na kila inapokuta tabaka jipya, sehemu yake hurudi. Ukipima muda wa mwangwi, unajua tope lina unene gani na mwamba unaanzia wapi. Bandari ikitaka kuchimbwa kina zaidi, hapo ndipo pesa huokolewa au kupotea, maana kuchota tope na kuvunja mwamba si gharama moja.