Pablo Casals, mutu aliyeweka chini chombo chake cha kazi

Leo tunawaletea maisha ya mutu ambaye kazi yake ilikuwa muziki. Lakini tunafikiri watu wa mugodi watamwelewa upesi kuliko wengine, juu siku moja alifanya kitu ambacho kila mufanyakazi anakijua: aliweka chombo chake chini na kukataa kazi. Jina lake ni Pablo Casals. Kwao Catalonia, mu inchi ya Hispania, walimuita Pau.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1876 mu muji mudogo wa El Vendrell. Baba yake alipiga kinanda cha kanisa na kufundisha kwaya, kazi ya heshima lakini ya franga kidogo. Mutoto alipotaka chombo cha nyuzi, baba alimutengenezea kimoja kwa kibuyu, na uzi mumoja tu. Huku kwetu hakuna mutu atacheka ile, maana kibuyu na muziki ni wandugu tangu zamani. Hicho kibuyu kiko mpaka leo.

Baba aliona muziki hauwezi kulisha mutu, akataka kijana ajifunze useremala. Mama akakataa kabisa. Mu mwaka 1888 alimushika mukono, wakaenda Barcelona kwenye masomo ya muziki. Kijana alichagua violonselo, kile chombo kikubwa cha nyuzi ine ambacho mutu anakishika kati ya magoti na kukipiga kwa upinde. Mangaribi alipiga ku kahawa moja ya muji, watu wakikunywa na kuzungumuza, ili apate kitu cha kusaidia mama.

Mu 1890, akiwa na miaka 13, baba yake alikuja kumuona. Siku ile alimununulia violonselo ya kipimo cha mukubwa, kisha wakaingia pamoja mu duka moja la karatasi za zamani, karibu na bandari, kutafuta muziki wa kupiga. Pale kijana akatoa kitabu kimoja: nyimbo sita za Johann Sebastian Bach, za violonselo peke yake, pasipo kinanda, pasipo orkestra.

Huyu Bach ni nani? Ni fundi wa Ujerumani aliyezaliwa 1685 na kufa 1750, mukubwa kati ya wale wa muziki unaoitwa Baroki. Zile sita alizitunga karibu na mwaka 1720. Kila moja inafunguliwa na wimbo mumoja, kisha zinafuata ngoma tano za kucheza, zile za wakati ule. Lakini watu walikuwa wamezisahau kuwa ngoma. Walimu waliziona kama mazoezi ya vidole tu, kitu cha mwanafunzi. Kama mutu alizipiga mbele ya watu, alikata kipande kimoja ao viwili, basi.

Casals alichukua kile kitabu nyumbani, akafanya nacho kazi kila siku. Miaka 12 ikapita mbele hajapata nguvu ya kupiga moja mu konsere. Na alipoipiga, aliipiga nzima, tangu mwanzo mpaka mwisho, na vipande vyote vya kurudiliwa. Njo vile watu walisikia kwamba yale mazoezi yalikuwa na damu ndani.

Alibadilisha hata namna ya kupiga. Zamani walimu waliwawekea wanafunzi kitabu kwapani ili mukono wa upinde usiachane na mwili. Casals akaona ile ni kufunga mutu kamba. Aliachia mukono utembee, na vidole vya kushoto akavifundisha kupanuka juu ya nyuzi, pahali pa kuruka ovyo. Leo mafundi wa violonselo karibu wote wanatembea mu njia yake.

Mu 1901 ile njia ilikuwa karibu kukatika. Akiwa Marekani, alipanda mulima Tamalpais, karibu na San Francisco, pamoja na wenzake. Jiwe likaanguka, likaponda kidole cha mukono wake wa kushoto. Wenye kufanya kazi chini ya mawe wanajua ile saa: mutu anatazama mukono na kuhesabu watoto. Bahati yake, kidole kilipona, na alirudi ku kazi.

Alipata jina na franga. Alipiga mbele ya wafalme, na malkia wa Hispania alimusaidia tangu ujana. Lakini hakusahau kahawa ya Barcelona. Mu 1920 alianzisha orkestra mu ule muji, na kwa miaka mingi alijaza upungufu wake na franga za mufuko wake. Kisha wakaanzisha chama cha konsere cha wafanyakazi. Aliyeingia alipaswa kuwa mutu wa mushahara mudogo, na alilipa kitu kidogo tu kwa mwaka. Siku ya Mungu asubuhi, watu wa viwanda na wa maduka walijaza ile nyumba kubwa ya muziki na kusikia orkestra ile ile ya matajiri. Casals hakuwapa muziki mwepesi kwa kuwaza hawataelewa. Aliwapa ule ule.

Tarehe 18 Julai 1936 walikuwa wanajifunza wimbo mukubwa wa Beethoven, na kwaya. Mujumbe akaingia: maaskari wameasi, kila mutu aende kwake. Casals akawauliza kama wanaweza kumaliza kwanza, maana hakuna aliyejua siku ya kuonana tena. Wakaimba mpaka mwisho, kisha wakaachana. Vita ikaanza.

Mu Novemba ya mwaka ule ule, kwao damu ikimwangika, alikaa mbele ya mashini mu London na kuanza kutia zile nyimbo za Bach mu disiki. Alimaliza Paris mu Juni 1939. Disiki za wakati ule, upande mumoja haukupita dakika ine ao tano. Mutu alipiga, akasimama, akaanza tena. Hata vile, ni yeye wa kwanza kuzitia zote sita. Ukisikiliza leo, sauti inakwaruza kidogo, na utasikia fundi anayekaza na kuachia kama mutu anayesema maneno mazito. Mafundi wengine waliokuja nyuma, kama Anner Bylsma wa Uholanzi, walirudilia nyuzi za utumbo wa nyama za zamani za Bach, na kupiga kwa wepesi, karibu na ngoma yenyewe. Wako wanaopenda hawa, wako wanaopenda yule. Sisi tunasema: sikilizeni wote wawili. Lakini pasipo muzee, labda yule wa pili hangefungua kile kitabu.

Franco aliposhinda, mu 1939, karibu watu nusu milioni walikimbilia Ufaransa. Wengi walifungiwa mu kambi, ku muchanga wa bahari, mu baridi. Casals alikaa muji mudogo wa Prades, karibu na mupaka. Aliandika barua kwa watu wa kila inchi akiomba chakula, nguo na franga, akazigawa kwa wandugu zake mu zile kambi.

Vita ya dunia ilipoisha 1945, aliwaza wakubwa watamuondoa Franco. Walimuacha. Pale njo Casals alifunga violonselo mu sanduku: hatapiga tena mu inchi yoyote inayokubali ile serikali. Konsere, franga, sifa, yote aliyakataa. Mu 1950, ilipofika miaka 200 tangu kifo cha Bach, wenzake walikuja kumufuata wenyewe, na alipiga mu kanisa la Prades.

Mu 1961 alikubali kupiga mu nyumba ya Rais Kennedy, ingawa Marekani ilishikana mukono na Franco. Wengine waliona amevunja neno lake. Yeye alitumaini kwamba yule Rais anaweza kusaidia amani. Tusifiche: mugomo wake haukumuangusha Franco. Casals alikufa mu Puerto Rico, inchi ya mama yake, tarehe 22 Oktoba 1973, na miaka 96. Franco alimufuata miaka miwili nyuma. Mifupa ya fundi ilirudi El Vendrell mu 1979 tu.

Alikuwa na chombo kimoja. Alikitumia kuwapa wafanyakazi kile kilichokuwa cha matajiri, na alipoona haki imekanyagwa, alinyamazisha kile kile. Zile disiki ziko mpaka leo. Mwenye telefone na apige jina lake na la Bach, ile mangaribi akitoka kazini, asikilize pamoja na watoto.