Lavoisier: Mwanakemia aliyepima kila kitu ila chuki ya umma

MWANAFUNZI anapofundishwa kwamba moto hauwaki pasipo oksijeni, na kwamba mwili huitumia hewa iyo hiyo kupata nguvu kutokana na chakula, hufuata nyayo za Mfaransa aliyekatwa kichwa hadharani kwa sababu ya kodi.

Antoine Lavoisier alizaliwa jijini Paris mnamo Agosti 26, 1743. Alisomea sheria kama babake, lakini moyo wake ulikuwa katika sayansi. Mnamo 1768, akiwa na umri wa miaka 24, aliteuliwa katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa.

Mwaka huo huo alinunua hisa katika kampuni ya matajiri waliomkusanyia mfalme kodi. Faida aliyopata iligharamia maabara yake. Mnamo 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti ya mkusanyaji kodi mwenzake. Bi Marie-Anne alijifunza Kiingereza ili amtafsirie mumewe maandishi ya kisayansi, na pia alichora vifaa vyake.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba kitu kikiungua, kuna kitu kingine kinachotoka ndani yake. Lavoisier alitumia mizani. Mnamo 1772 aligundua kwamba salfa na fosforasi huongezeka uzito zinapoungua, kwa maana kwamba huchukua kitu kutoka hewani. Baadaye alikipa kitu hicho jina la oksijeni. Alionyesha pia kwamba katika chombo kilichofungwa, uzito wa jumla haubadiliki.

Akishirikiana na Pierre-Simon Laplace, alimweka simbilisi, mnyama mdogo wa jamii ya panya, ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Walilinganisha barafu iliyoyeyushwa na joto la mnyama huyo na ile iliyoyeyushwa na makaa, wakahitimisha kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole.

Mnamo 1789 alichapisha kitabu cha kemia chenye orodha ya elementi 33. Mwaka huo huo mapinduzi yalizuka nchini Ufaransa.

Raia walikuwa na kinyongo. Maskini walitozwa kodi nzito huku makabaila wakisamehewa sehemu kubwa. Aidha, Lavoisier ndiye aliyependekeza ukuta wa kuizunguka Paris ili bidhaa zisiingizwe bila kulipiwa ushuru. Alikamatwa mwaka wa 1793. Mnamo Mei 8, 1794, alihukumiwa na kukatwa kichwa siku hiyo hiyo pamoja na wakusanyaji kodi wenzake, akiwemo baba mkwe wake. Alikuwa na umri wa miaka 50.

Mnamo 1795 serikali ilimrudishia mjane wake mali iliyotwaliwa. Bi Marie-Anne alikusanya maandishi ya mwisho ya mumewe na kuyasambaza, kisha akafariki mwaka wa 1836.

Kodi isiyo ya haki iliwachochea raia kuasi, nayo mahakama yenye pupa ikawahukumu watu wengi kwa pamoja bila kupima kosa la kila mmoja. Aliyeufunza ulimwengu kupima kabla ya kuamua hakupata bahati ya kupimwa.