Tomáš Baťa: Fundi Viatu Aliyebadili Desturi za Kazi

Jina la Bata si geni kwa mtu yeyote wa Afrika ya Mashariki. Wapo kati yetu walioripoti kidato cha kwanza katika shule hii wakiwa na viatu vyeusi vyenye jina hilo, na wapo waliokua wakiamini kwamba limetokana na yule ndege wa kufugwa. La hasha. Ni jina la ukoo wa Kicheki, na mtu aliyelieneza duniani alikuwa mtoto wa fundi viatu. Maisha yake yafaa yasimuliwe katika jarida hili, kwa sababu wengi wetu tuliotoka hapa tunafanya kazi katika maofisi na makampuni makubwa ambako kila mwaka tunaambiwa tubadilike, na kila mwaka tunabaki tulivyokuwa.

Tomáš Baťa alizaliwa tarehe 3 Aprili 1876 katika mji mdogo wa Zlín, jimbo la Moravia, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria na leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Mababu zake walikuwa mafundi viatu kwa vizazi vingi. Mama yake alifariki Tomáš akiwa bado mtoto. Mwaka 1894, akiwa na umri wa miaka 18, yeye, kaka yake Antonín na dada yao Anna walianzisha kampuni yao wenyewe kwa fedha za urithi wa mama yao. Tangu mwanzo waliweka saa maalumu za kazi na kuwalipa watu wao kila wiki, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mafundi wa siku zile.

Hata hivyo, haukupita muda mrefu kabla ya kampuni kuzama katika madeni. Fedha za kununulia ngozi hazikuwapo. Badala ya kufunga duka, Tomáš alitengeneza viatu vya kitambaa kigumu vyenye soli ya ngozi, vyepesi na vya bei nafuu. Viatu hivyo vilipendwa sana, deni likalipwa, na kampuni ikasimama.

Mwaka 1904 alisafiri pamoja na wafanyakazi wake watatu kwenda Marekani. Hakwenda kutembezwa viwandani kama mgeni wa heshima. Alikwenda Lynn, Massachusetts, mji uliokuwa maarufu kwa viatu, akaajiriwa kama kibarua ili ajifunze kwa mikono yake. Aliporudi Zlín alikuwa na elimu ya mashine, na zaidi ya hayo alikuwa ameona jinsi mfanyakazi wa kule alivyojitegemea katika kazi yake bila kungoja kusukumwa. Tangu hapo alitamani kuiona hali hiyo kwao.

Vita Kuu ya Kwanza vilimletea kazi nyingi ya kushona mabuti ya askari, na wafanyakazi wake wakafikia maelfu. Vita vilipokwisha mwaka 1918, dola ilivunjika, nchi mpya ya Czechoslovakia ikazaliwa, na soko la mabuti likafa. Mwaka 1922 thamani ya koruna, sarafu ya nchi hiyo, ilipanda kwa ghafla. Wateja wa nje hawakuweza tena kununua, na wa ndani hawakuwa na fedha. Maghala yalijaa viatu. Wenye viwanda wengi walipunguza watu, wakakaa kuingoja serikali iwasaidie.

Baťa alifanya jambo ambalo wenzake waliliona kuwa la kichaa. Tarehe 1 Septemba 1922 alitangaza kwamba bei ya viatu vyake imeshuka kwa nusu. Mishahara nayo aliipunguza kwa asilimia 40, lakini kampuni ikajifunga kuwauzia wafanyakazi chakula, nguo na mahitaji mengine kwa nusu ya bei. Watu walifurika madukani. Wapinzani wake walikuja kushusha bei wakiwa wamechelewa.

Lakini Baťa alijua kwamba kushusha bei mara moja si kazi ngumu. Ugumu ni kuwafanya maelfu ya watu waangalie gharama kila siku, hata pale mkubwa asipokuwapo. Kampuni ilipokuwa na watu 10, yeye mwenyewe aliweza kumwona kila anayepoteza kipande cha ngozi. Sasa hakuweza tena. Kuongeza wanyapara kungeongeza tu idadi ya watu wa kuogopwa.

Basi mwaka 1924 aliigawa kampuni katika karakana, na kila karakana ikawa kama duka linalojitegemea. Karakana ya kukata ngozi iliiuzia karakana ya kushona, na ya kushona ikaiuzia inayofuata, kwa bei zilizopangwa mapema. Waliopokea kazi mbovu walikuwa na haki ya kuikataa. Kila wiki hesabu ya karakana ilifungwa, na wahusika wakaona kama wamepata au wamepoteza. Faida iligawanywa kati ya kampuni na wafanyakazi walioingizwa katika mpango huo. Sehemu ya fungu la mfanyakazi ilibaki katika akaunti yake kiwandani ikizaa riba ya asilimia 10. Wakuu wa karakana walishiriki hasara pia.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baťa alikwenda hatua moja mbele: daftari lililokuwa limefungiwa katika ofisi ya tajiri alilifungua mbele ya fundi. Kuta za kiwanda chake zilijaa maandishi ya kuwahimiza watu, na wageni wengi waliyashangaa. Lakini maandishi yale yasingefaa kitu kama chini yake pasingekuwa na hesabu ambayo kila mtu aliweza kuisoma na kuiona mfukoni mwake siku ya malipo.

Mwaka 1923 alichaguliwa kuwa meya wa Zlín. Nyumba za matofali mekundu zenye bustani zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, na mwaka 1927 hospitali ya kampuni ikafunguliwa. Wadogo zetu mlioko bwenini mtapenda kujua kwamba mwaka 1925 alianzisha shule ya kazi kwa vijana. Mchana walifanya kazi kiwandani na jioni wakaingia darasani. Walilipwa mshahara, wakalipia wenyewe chakula na malazi yao, na kila mmoja alitakiwa kuandika mapato na matumizi yake na kuweka akiba. Baadhi ya vijana wa shule hiyo walikuja kuwa mameneja wa kampuni katika nchi za mbali.

Naam, haifai kumsifu mtu bila kuutazama upande wa pili. Baťa alikuwa mkali. Vyama vya wafanyakazi hakuvipenda, na waliojulikana kwa siasa za mrengo wa kushoto hawakudumu kwake. Katika Zlín mtu aliyekupa kazi ndiye aliyekupangisha nyumba, ndiye aliyekuuzia chakula, na ndiye aliyekuwa meya. Aliyeachishwa kazi aliweza kupoteza na paa pia. Mikanda ya kuendesha kazi iliyofungwa mwaka 1927 ilikwenda kasi, na wapo waliolalamika kwamba inawachosha kupita kiasi. Mfanyakazi alipewa fungu la faida na haki ya kuona hesabu ya karakana yake, lakini hakupewa sauti katika mambo makubwa ya kampuni. Kasoro hiyo ilikuwa kubwa, na mtu mwadilifu hawezi kuificha.

Nchi nyingi zilipopandisha ushuru wa forodha kuzuia viatu vya kigeni, Baťa aliamua kujenga viwanda ndani ya nchi hizo hizo, miongoni mwao Uswisi, Uingereza na India. Tarehe 12 Julai 1932, asubuhi yenye ukungu mzito, alipanda ndege yake katika uwanja wa Otrokovice, karibu na Zlín, kwenda Uswisi. Ndege ilianguka mara tu baada ya kuruka, akafa pamoja na rubani wake. Alikuwa na umri wa miaka 56. Aliacha wafanyakazi 16,560 na maduka 1,645. Uongozi ulishikwa na ndugu yake wa baba mmoja, Jan Antonín. Baada ya Vita vya Pili, mali ya kampuni nchini Czechoslovakia ilitaifishwa mwaka 1945, na mwanawe, aliyeitwa Tomáš kama baba yake, akaiendeleza kampuni kutoka Kanada.

Yeye mwenyewe hakuwahi kukiona kiwanda kilichojengwa Limuru, nchini Kenya, kwa jina lake. Kwetu Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilichukua hisa nyingi katika kampuni ya Bata, na wazazi wetu wakaja kuvaa viatu vya Bora.

Ndugu zangu tulio kazini, katika maofisi mengi mkataba wa huduma kwa mteja umetundikwa ukutani ndani ya fremu nzuri, wakati mteja amekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Maisha ya Baťa yanatuonyesha kwamba desturi ya mahali pa kazi haibadilishwi na fremu. Hubadilika pale mkubwa anapokubali kuonyesha hesabu, anapowapa walio chini yake uwezo wa kuamua na sehemu ya kile kilichopatikana, na anapoanza yeye kubeba hasara. Kasoro zake nazo zinatuonya kwamba anayemfungulia mwenzake daftari ampe na nafasi ya kusema.

Nanyi wanafunzi, siku mtakapokabidhiwa watu wa kuwaongoza, wangapi kati yenu watakuwa tayari kuliweka daftari mezani?