Kila Saa Nane

Majuzi nikiwa Matuu, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, nilimsikia mwanafunzi wa famasia katika duka moja la dawa akimwagiza mama mmoja anywe vidonge kila saa nane. Alikusudia mara tatu kwa siku. Mama akataka kujua kama ni saa nane ya mchana au ya usiku. Kijana akaduwaa.

Nilimkumbuka Daktari Albert Cook, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1870, akaingia Uganda mwaka 1897 baada ya safari ya miguu kutoka Mombasa, na mwaka huo huo akaanzisha hospitali ya Mengo. Mwaka 1900 alimwoa Katharine Timpson, muuguzi waliyesafiri pamoja. Alikuwa mmisionari wa zama za ukoloni. Hayo nawaachia wanahistoria. Linalonivutia mimi, mwanaisimu, ni kwamba alitunga msamiati wa tiba kwa Kiganda. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alianza kuwafunza Waafrika kuwa wasaidizi wa tiba. Kisha yeye na mkewe wakafungua shule ya wakunga, wakaiandikia kitabu kwa Kiganda, Amagezi Agokuzalisa, lugha ile ile ya mzazi kitandani. Katharine alifariki mwaka 1938, Cook mwaka 1951, mjini Kampala.

Leo tunawatayarisha wafamasia kwa mitambo na kompyuta za kesho, nami sipingi. Lakini mafunzo na mitihani ni kwa Kiingereza.

Nilipotoka nje kumweleza yule mama, matatu aliyoipanda ilikuwa imekwisha kuondoka.