Mchoraji Tingatinga

Wenzangu wa Rusizi, nanyi mliokwisha kumaliza shule, nawasimulia habari za Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania, kisha akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Yapata mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege. Hakungoja vifaa vya ng'ambo. Alichora juu ya vibao vya dari kwa rangi za baiskeli. Wala hakuuficha ufundi wake, bali aliwafundisha jamaa zake. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Wanafunzi wake wakaendelea, na hata leo uchoraji huo waitwa Tingatinga. Mimi naona ufundi uliogawiwa haufi na mwenyewe. Basi, tuchore kwa tulivyonavyo, tena tufundishane.